Singa za Mkia wa Bwana Mkubwa

Nyumba ya Bati Jekundu,
Nyuma ya Josho.
Jumapili, 16 Novemba.

Kaka mpendwa,

Hujambo wewe, na wifi, na wale watoto wangu? Kikohozi cha wifi kimepungua? Sisi huku ni wazima. Mama goti linamsumbua kukiwa na baridi, lakini ulimi haujambo kabisa. Anatugombeza kuanzia alfajiri.

Barua yako nimeipata. Umeniamuru fahali wa marehemu baba asiguswe, na kwamba nikimgusa, zizi lote utamkabidhi baba mdogo. Nimekuelewa. Sasa na wewe nielewe.

Ndama watatu wamekufa mwaka huu, nawe umeandika kuwa ni uzembe wangu. Kaka, hukuwapo. Walizaliwa miguu imekunjamana, wakashindwa kusimama, wakafa hata kabla ya kunyonya. Wa tatu alinifia mapajani, mama yake akiendelea kumlamba. Nililia, sikufichi.

Daktari wa mifugo ndiye aliyeshauri tupeleke singa za mkia maabara, wakasome vinasaba. Shemeji yako akajitia fundi, akazikata kwa mkasi kama kinyozi. Maabara wakazirudisha: kinachosomwa kiko kwenye mzizi wa unywele. Basi nikaenda kuzing'oa mwenyewe, za fahali na za majike wote kumi na tisa. Alama ya teke bado ninayo pajani.

Majibu ni haya. Bwana Mkubwa wetu, na nundu yake na ngozi yake inayong'aa, amebeba kasoro iliyojificha. Yeye haimdhuru. Lakini akimpanda jike aliyebeba kasoro hiyohiyo, kwa wastani ndama mmoja kati ya wanne huipata kutoka pande zote mbili, na huyo hasimami. Majike tisa wameibeba. Unajua wameitoa wapi? Ni binti zake! Miaka sita tumekuwa tukimwozesha binti zake mwenyewe kwa sababu anapendeza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Usiniambie tumtenge. Tumemtenga mara mbili, na ua ameuvunja mara mbili.

Baba mdogo anasema singa haziwezi kumjua ng'ombe kuliko jicho la mfugaji, tena jicho la mwanamume. Nikamjibu mbele ya watu, "Baba, shikamoo, lakini jicho hilohilo ndilo lililotuzikia ndama watatu." Aliondoka chai hajaimaliza. Mama alicheka mpaka akashika goti.

Umeandika pia kwamba fahali huyu ndiye kumbukumbu ya baba. Hapo uliniumiza. Baba nilimuuguza mimi. Hakufuga kumbukumbu, alifuga ng'ombe. Aliwahi kumwondoa fahali aliyempenda kuliko huyu kwa sababu ya kwato mbovu, wala hakuomba ruhusa ya mtu.

Nimeazima fahali wa jirani. Tunamwita Kijiti, na ukimwona utacheka mpaka ukae chini. Lakini vipimo vyake havina kasoro ile, na vinaonyesha ndama wake watazaliwa wepesi na kujaza nyama mapema. Hapendezi macho, ni kweli. Hatumpeleki kupigwa picha.

Shemeji yako alinishauri nikuandikie kwamba barua yako ilichelewa kufika. Sitaki uongo. Ilinifikia Alhamisi mchana, nikaisoma mara mbili. Ijumaa asubuhi nikamwita daktari, na kamba nikaishika mimi. Fahali wa baba sasa ni maksai. Ukitaka kumpa baba mdogo zizi, mpe, liwalo na liwe. Atapokea zizi ambalo ndama wakizaliwa watasimama.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na yule rafiki yako fundi viatu umwambie namkumbuka. Mama anakuombea kila siku, hata siku anazokukasirikia. Mungu akulinde na akupe moyo mpana.

Dada yako akupendaye, uwe umenuna au umecheka.