Lipitie kwa Wifi Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Wewe Wifi, hivi una adabu kweli? Tangu tukuzike umenitokea mara moja tu. Mara moja! Tena usingizi wa mchana, nimelala nusunusu, mdomo wazi. Ukasimama mlangoni, ukaniangalia mikono, ukaondoka. Salamu hakuna. Mtu tuliyegombana naye kila siku tangu niolewe na kaka yako, leo ananinyima hata matusi! Basi nakuandikia. Wala si kwamba nimekukumbuka sana. Nina kazi, na sina wa kumsema.

Mwandiko ukiuona mbaya, jilaumu. Mimi shule sikuiona hata mlango. Herufi ulinifundisha wewe, kwa chaki ya kukatia, juu ya bitana, huku unacheka.

Habari ni hii. Binti yako anaondoka. Kapata kazi mbali, huko kwa kupanda ndege mbili. Safari ni Jumapili ya wiki ijayo. Leo kaja na mfuko, kauweka mezani, hakuketi. Nikafungua — magauni yako. Yote. Akasema, "Mama Mkasi, nishonee blanketi la viraka. Nataka nikifika huko nijifunike Mama." Kisha akajifanya anatafuta simu kwenye mkoba.

Nikamwambia kwanza ale.

Kwani amwendee nani mwingine? Watoto wote wa ukoo huu wamelalia viraka vyangu. Nakata, napanga, natia pamba, nashona. Kazi yako wewe ilikuwa kufua. Ndiyo utaratibu wetu: blanketi likiisha, lipitie kwako litoke vumbi la chaki, lirudi limekunjwa, linanukia sabuni. Kila mtu na sehemu yake. Yako ilikuwa rahisi, lakini sikusema.

Au nilisema? Labda mara mbili tatu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekata kutwa. Lile gauni la maua makubwa, ulilovaa harusi ya mwanangu ukafanana na pazia la hoteli, limenipa vipande vingi. Nilikwambia siku ile na leo narudia: pazia. Ila kitambaa kizuri! Mfukoni nimekuta pipi ya kifua, imegandana na karatasi yake. Nimeila. Usiniulize.

Kaka yako kaingia kutafuta miwani. Akaona mikono ya magauni mezani, imekatwa, imelala sambamba. Akasema anaenda kutazama bomba la uani, linavuja. Karudi macho mekundu.

Bomba halivuji. Halijawahi kuvuja.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mkamwana wangu kaja, mke wa yule mdogo, kashika mfuko wa plastiki kwa vidole viwili kama kabeba paka aliyekufa. Ndani mna blanketi la mjukuu. Lile la kwanza nililoshona wewe ukiwa umeshaondoka, nikampelekea moja kwa moja, halikupita popote. Limefumuka! Pamba nje kila upande, viraka vinaning'inia kama masikio ya mbuzi.

Nikamuuliza kalifulia nini, petroli? Sabuni ya mtoto, Mama. Basi ni hiyo mashine yenu! Kwa mkono, Mama, na mara moja tu. Nikamwambia wasichana wa siku hizi mnakamua nguo kama mnamnyonga mtu.

Akainamisha kichwa. Hakubisha! Huyu anayebishana nami mpaka jua limechomoza upande gani! Kaka yako akakohoa nyuma ya redio. Kikohozi kile nakijua. Si cha kifua.

Ijumaa, 7 Machi

Kosa ni uzi.

Nimekwenda kwa muuza uzi, nimemwambia uzi wako umeoza. Akasema Bibi, ni ule ule, wa kiwanda kile kile, miaka nenda miaka rudi. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sikuupenda, siku hizi mablanketi anafua nani. Nikamwambia ashughulike na vifungo vyake.

Nimenunua mwingine, mnene. Wa kushonea viatu, nadhani.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimetoa kabatini blanketi la mwanangu mkubwa. Limefuliwa mpaka rangi imekimbia, na mshono haujalegea hata mmoja. Nikasema mkamwana akija nimwonyeshe — tazama, huu ndio mkono wangu! Nikalipeleka dirishani. Nikavaa miwani nijivunie vizuri.

Si mkono wangu.

Mimi nashona hatua ndefu, sindano inakwenda mbele tu kama mwenye safari. Hizi ni ndogondogo. Sindano imerudi nyuma kidogo, imeshika, ndipo imeendelea. Na kando yake, ukiinamisha kitambaa kwenye mwanga, kuna matundu. Matupu. Mstari mzima wa matundu yaliyoachana mbali mbali. Hizo ndizo hatua zangu! Zimehamwa, kama nyumba zisizo na watu.

Nikatoa la pili. La tatu. Hata lile la mwanangu mdogo, ambalo mbwa alizalia juu yake. Yote!

Wewe! Wewe mwanamke!

Nikamwita kaka yako. Kupunguza redio tu, nikajua jambo ni kubwa. Akasema blanketi likifika kwako ulikuwa unalifumua lote, unalishona upya, ndipo unafua ili matundu yajifunge. "Nilidhani unajua," akasema. Eti nilidhani unajua! Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vya mikono vikaisha, akatazama miguuni.

Hata muuza uzi?

Hata muuza uzi. Ulikuwa unanunua uzi mwingi kuliko mimi.

Jumapili, 9 Machi

Siandiki. Na wewe usije.

Jumanne, 11 Machi

Bado nimekasirika, ila siku zinakwenda, na magauni yako yako mezani vipande vipande.

Nieleze kitu kimoja. Uliniambia mchuzi wangu una chumvi ya kukausha ngozi, tena mbele ya wageni. Uliniambia mwanangu mkubwa hana akili ya biashara, na kweli hana. Uliniambia nikinyoa nywele nitafanana na kaka yako. Nikanyoa. Nikafanana. Kuna jambo gani duniani hukuniambia? Hili tu. Hili moja ukalifumbia mdomo, ukakaa nalo na sindano, mtoto baada ya mtoto, macho yanakuisha. Halafu unakuja umelikunja kwapani, unasema, "Wifi, mkono wako hauna mfano."

Na mimi nakujibu, "Najua."

Najua! Ardhi ipasuke niingie.

Nimelia kidogo. Kaka yako kauliza nini, nikasema vitunguu. Hapakuwa na kitunguu nyumba nzima.

Kisha nikaliweka mapajani lile la mwanangu mkubwa, nikaanza kuusoma mshono wako. Mbele, rudi, shika. Mbele, rudi, shika. Si kazi ya mikono, ni kazi ya moyo, na wangu una haraka. Nimejichoma, nimetukana, nimefumua, nimeanza tena. Kutwa nzima nimepata mstari mmoja. Upo katikati ya blanketi la binti yako, kwenye bega la gauni lako la kijani, pale palipopauka kwa vichwa vya watoto uliowabembeleza. Mstari wenyewe umelewa kidogo, unayumba kama mzee wa jirani akirudi kwake. Lakini nimeuvuta, haukukatika. Nikauvuta tena. Haukukatika!

Mara ya tatu niliogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Sitauweza wote. Vidole vimevimba kama vya mtoto mchanga. Vipande vingine vyote nimeviunga kwa hatua zangu zile zile, ndefu. Nifanyeje? Safari haingoji. Nimeshona nikijua. Hilo ndilo chungu, Wifi. Zamani nilishona vibaya kwa raha zangu. Leo kila nikichoma sindano naiona pamba inatoka.

Mkamwana kapita. Nikamwambia sabuni yake haina kosa, wala mikono yake. Akanitazama. Nikasema nimeshajua. Basi akaanza kucheka! Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mtoto mgongoni naye akacheka bila kujua sababu. Anasema siku ya kwanza kuingia ukoo huu, kabla hajaonyeshwa hata choo, alivutwa kando akaambiwa: blanketi likitoka kwa Mama Mkasi, lipitie kwa Wifi kwanza. Na lake lilipofika halijapita kwako, akasema moyoni, leo nitafanyaje? Akamfunika mtoto hivyo hivyo, akawa anaomba asikojoe.

"Sasa kwa nini hukuniambia, mjinga wewe?"

"Nani? Mimi? Nikwambie wewe?" Akajifuta machozi. "Mama, mimi bado kijana, nataka kuishi."

Nimempiga kwa mto. Kisha nimempa nyama yangu yote ya leo aipeleke nyumbani. Ana maziwa ya kutoa huyo, amekonda.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika mbio. Nipo chumbani, mlango nimeurudisha. Binti yako yuko sebuleni.

Kaja kulichukua, kesho asubuhi anapanda ndege. Akalitandaza juu ya viti viwili, akawa anayataja magauni moja moja. Hili la hospitali. Hili la kugombana na mwenye nyumba. Hili la kutopendeza ila alilipenda. Kaka yako anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, hilo, ndiyo. Nikaona nimefanya jambo la maana duniani.

Kisha akapindua upande wa pili. Akapitisha kidole kwenye mshono wangu. Akanitazama mikono, ule mtazamo wako, wa mlangoni.

"Mama Mkasi," akasema, "ni zuri mno. Mkono wako hauna mfano. Ila ngoja nikalifue kwanza, litoke vumbi la chaki."

Sauti yako! Mpaka pua imejikunja vile vile. Mizigo yake haijafungwa, viatu vimezagaa kwake huko, kesho ndiyo safari — naye anataka kukesha na sindano ili mimi nisiaibike!

Neno lilinifika kwenye meno. Acha mwanangu, najua. Lakini nikisema atanionea haya. Atalikunja lilivyo, aondoke nalo. Litakwenda kumfumukia huko ugenini, magauni yako yaelee kwenye beseni, na yeye peke yake hana hata wa kumwambia njoo uone. Nikinyamaza, litadumu. Ila langu halitakuwemo ndani yake. Mimi ndiye niliyekukata vipande, Wifi, na hapo katikati yako na binti yako sitakuwepo hata kwa uzi mmoja.

Nikasema, "Kalifue."

Akashusha pumzi. Kaka yako naye akashusha, nyuma ya redio.

"Ila hapa," nikasema. Nikamwonyesha bega la kijani. "Hapa usisugue."

"Nisisugue sana?"

"Usisugue kabisa, mwanangu. Hapa pako safi."

Redio ikazimwa. Akainama kwenye ule mstari, karibu pua iguse. Akaweka kidole mwanzo, akakipeleka polepole, mbele, rudi, mbele, rudi, mpaka mwisho. Sijui kaona mkono wa mama yake au kaona mlevi anatoka kilabuni. Midomo ikaanza kumcheza. Nikasema jamani ngojeni nitafute mfuko wa kulitilia, nikakimbilia huku.

Mfuko ninao mkononi muda wote huu. Huko sebuleni sisikii kilio wala kicheko. Kaka yako anamwambia kitu, sauti ya chini, siipati. Sasa binti yako ananiita. "Mama Mkasi! Njoo basi!" Siwezi kujua ni njoo ya namna gani.

Naenda. Lakini sikiliza wewe. Ukija tena, kwangu usipite kwanza. Nenda kwake, hata kama ni ndege mbili, wewe hulipi nauli. Kaa ukingoni mwa kitanda, shika pale begani, uvute. Uvute kweli, usinionee huruma. Mstari wangu ukishika, njoo uniambie, na safari hii ufungue mdomo. Ukikatika, sindano unayo. Keti ushone.

Mimi usiniambie.