Ada ya Leseni Imenitoa Dirishani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na mtu kama mimi akiomba ujue maji yamefika shingoni, maana mimi ni fundi makochi niliyezunguka miji mingi na hajazaliwa wa kunishinda kwa maneno, ingawa shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu na ya mwalimu.

Baba wa mchumba wangu ni karani wa leseni za biashara pale halmashauri ya jiji, na kila akipita karakanani kwangu husema ada zile zibaki jijini, kwani jiji ndilo linalozoa taka na kuziba mashimo, nami nikamwambia mzee umenena, tena kwa moyo, maana mtaro ulio wazi mbele ya karakana umeshameza makochi mawili, la pili likiwa na mteja juu yake. Sasa kaka yangu mkubwa, aliyenilea, yuko hazina ya taifa, naye anashikilia ada ziende serikali kuu, kwani yule mteja alifungwa plasta hospitali ya nani, na yeye pia nikamwambia kaka umenena, maana aliyekununulia sare na madaftari humbishii.

Basi Jumapili tukaenda kuposa, kaka akiwa msemaji wangu, na kabla hata jina la binti halijatajwa wakubwa hao wawili wakaingia kwenye ada, kila mmoja akisema shahidi wake ni mimi, mpaka sebule nzima ikanigeukia, na mimi, niliyewahi kumpigia domo polisi wa barabarani akaishia kunipa lifti, nikasema naenda kunawa mikono, nikatokea dirisha la choo.

Leo siku ya nne, posa imesimama, na shemeji, mke wa kaka, anasema mchumba alicheka kwanza kisha akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakonimaliza. Nishike upande upi nisimpoteze?

Fundi Sponji

JIBU

Fundi Sponji, pole, na aibu juu yako. Mshika mawili moja humponyoka, na wewe yamekuponyoka yote.

Leseni inakuruhusu kufanya biashara mtaani, basi ada yake ihudumie mtaa. Hospitali ina kodi zake nyingine. Unalijua hilo, umelificha tu. Mpigie kaka yako leo, asije akalisikia ukweni: "Kaka, umenilea nikawa mtu, sasa niachie na mimi neno langu." Atanuna siku mbili, atapoa. Na mzee karani asishangilie, mwambie unataka kuiona ada hiyo barabarani, si kwenye chai ya ofisi.

Lakini hao watabishana hadi uzeeni, ndiyo starehe yao. Binti hangojei msimamo wako wa kodi. Anajiuliza, siku ya shida, huyu mume nitamtafuta wapi. Kesho, kabla hujafungua karakana, nenda kwake peke yako, bila msemaji na bila majigambo, umwambie uliogopa. Kisha funga mdomo, yeye aseme.