Jina la Aliyeleta

Mtanda, Lindi
12 Rajabu 1324

Kwa kaka yangu mpenzi Yahya bin Dadi, Kilwa Kivinje,

Shikamoo, kaka. Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Mwanaheri na watoto, na mama umwamkie kwa niaba yangu. Nimesikia goti lake limeanza tena kumsumbua. Naomba asiende kisimani peke yake. Mimi mwili hauna neno, ingawa nimekonda hadi mwenye nyumba ananiuliza kama nimeanza kufunga kabla ya wenzangu. Huku kila asubuhi wanashuka watu kutoka bara wakitafuta chakula, na wengine hawafiki.

Barua yako niliipokea. Umeniagiza jambo moja tu: nimtafute aliyewaonyesha askari kijito cha Nang'anda, kule Rondo, alikokuwa amejificha marehemu dada yetu Mastura. Umesema watu wanamtaja Tawakali, yule aliyekuwa mpagazi wa Wadachi, na kwamba ikithibitika utapanda Rondo mwenyewe, na mtu huyo hatauona mfungo. Nimemtafuta, kaka. Niruhusu nieleze kwa mpangilio, maana nikianzia mwisho hutaisoma barua.

Unamkumbuka Bwana Majani, yule Mdachi mwenye miwani aliyepita Kivinje miaka miwili kabla ya vita. Mama alimkuta amepiga magoti mbele ya kichaka akasema Mzungu huyu amesilimu ila hajaonyeshwa kibla. Mimi ndiye niliyekuwa karani wake, kwa kuwa nilijua herufi zao. Bwana Majani hakutaka kutafuta peke yake. Alisema nchi ni kubwa na macho yake ni mawili, basi kila mwenyeji alete anachokijua: mmea, ndege, mdudu, jina lake, kazi yake, mahali unapopatikana na mwezi wake. Wakulima wa Kiranjeranje walileta, na Wamwera wa Rondo wakaleta zaidi. Mimi niliandika kila kitu kwenye daftari, na safu ya mwisho ilikuwa ya jina la aliyeleta.

Safu hiyo ndiyo iliyowapendeza watu. Walidhani kuandikwa ni hati, kwamba kichaka chako kikiingia daftarini pamoja na jina lako hakuna jumbe atakayekunyang'anya. Kwa hiyo hawakuficha kitu; kila mmoja alitaja mahali pake hasa, na akasimama hapo mpaka amalize kusomewa. Nami sikuwasahihisha. Wazee waliokuwa hawajui hata ninaitwa nani sasa waliniita mwalimu, na nililipenda jina hilo, Mungu anisamehe.

Mastura, akiwa ameshaolewa huko Rondo, alileta ndiga. Unajua mwenyewe, ni kiazi cha porini chenye sumu, hakiliki mpaka kikatwe vipande na kulazwa siku tatu katika maji yanayotiririka. Unajua pia kwamba wanawake wa kule hawasemi wanakolaza ndiga zao, hata kwa waume zao, maana mwaka wa njaa uhai wao uko pale. Mastura alinieleza yote isipokuwa mahali. Nikambembeleza. Nikamtania kwamba amekuwa Mmwera kabisa, anamficha siri ndugu yake wa tumbo moja. Nikamwambia karatasi itamlinda. Akacheka, akasema basi niandike vizuri, asije mwingine akaandikiwa kijito chake.

Vita vilipokuja, Wadachi walichoma mashamba na maghala yote ya Rondo. Mume wa Mastura aliuawa mapema. Yeye akaingia msituni na watoto wake wawili, pamoja na wifi yake Kijakazi, wakawa wanaishi kwa ndiga. Kijakazi ndiye aliyenisimulia. Yuko hapa kwangu, na watoto wako hapa, wazima. Anasema ndiga zilikuwa zimelala majini siku moja tu walipowaona askari. Hawakuja kama watu wanaotafuta. Walikuja moja kwa moja mpaka kwenye kapu, wakalimwaga, wakapiga hema juu ya kijito na kukaa siku kumi.

Mastura akachimba nyingine, akailoweka kutwa moja kwenye chungu, kwa maji ya madimbwi. Watoto walikuwa hawana nguvu hata ya kulia. Desturi ni kwamba aliyelaza ndiga ndiye anayeonja kwanza, na Kijakazi alipotaka kuonja yeye, Mastura alikataa. Alikula kipande kizima ili awe na hakika. Alikufa siku hiyohiyo, na watoto hawakuigusa.

Sasa habari ya Tawakali. Tawakali hana hatia. Wakati askari wanakwenda Nang'anda, yeye alikuwa mfungwa hapa bomani, nilimwona kwa macho yangu na mnyororo shingoni. Nakusihi usimguse, na uwanyamazishe wanaomtaja. Aliyewaonyesha askari ni mimi.

Bwana Majani aliporudi kwao aliliacha daftari bomani. Mkubwa mmoja wa askari akaniita, akaniamuru nimsomee kila mahali palipotajwa chakula cha porini na maji. Nilisoma tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Jina la Mastura nililiona kabla sijalifikia. Ningeweza kuruka mstari ule, kaka. Yule mkubwa alikuwa ameinamia ramani yake, haniangalii. Nilijiambia kwamba Mastura lazima ameshashuka pwani, lakini sikuwa na habari yoyote ya namna hiyo, niliogopa tu. Nikasoma jina, nikasoma kijito. Aliponitaka nirudie, nilirudia taratibu, apate kuandika sawasawa.

Mama mwambie yote au usimwambie, wewe ndiye mkubwa. Jumatatu ninaondoka kwa miguu na Kijakazi na watoto. Hao ni damu yetu, wapokee. Mimi nitabaki nje ya ua na kupiga hodi mara tatu. Nikisikia karibu, nitaingia. Nisiposikia kitu, sitapiga ya nne.

Nisalimie jamaa wote waliosalia hapo Kivinje, na Mungu awape afya na riziki.

Ni mimi mdogo wako,
Abdulrahmani bin Dadi