Jua Litashikwa na Zuhura Ana Mimba

Yaya wangu, dada yangu mukubwa,

Salamu nyingi toka nyumbani Kasongo. Unalalaje huko? Mwenyezi Mungu amekupanulia kaburi? Sisi tuko wazima, ni miguu ya mume wetu tu inavimba. Jiko lako napikia mimi. Mpaka leo nikipakua chakula natenga fungu lako, halafu nakumbuka.

Yaya, niko na woga. Wa kumwambia ni wewe tu, maana jambo hili ni la mutoto wako.

Zuhura alipiga simu toka Salamabila, kule mume wake Idi anauza nguo. Rezo ya simu ilikuwa inakatikakatika. Nikasikia "nimeshika mimba", nikapiga vigelegele. Kisha nikasikia "litashikwa", nikasikia "Makka", nikafikiri mimba ndiyo inashikwa na kitu. Nilikaa chini kwenye vumbi. Alipopiga tena ndipo nikaelewa: Idi anatupeleka Umra sisi wote, mwezi wa nane, sababu siku hizo jua litashikwa pale Makka. Lote, Yaya. Mchana utakuwa giza. Wanataka kuliona na kusali palepale. Na wakati huo tumbo la Zuhura litakuwa kubwa.

Mume wetu amefurahi kama bwana harusi. Idi alimutumia miwani nyeusi ya kuangalia jua, anaivaa hata akinywa chai. Jana kikombe kizima kilimwagikia kanzu. "Niache," anasema, "ninajifundisha." Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, na machozi yakaendelea.

Sababu unaijua. Nilikuwa bibi harusi mupya hapa, na mimba yangu ya kwanza, siku ile jua liliposhikwa upande mumoja tu, watu wakapiga masufuria barabarani. Ulinivuta ndani, ukaninyang'anya kisu cha mboga, ukanilaza kwenye mukeka, ukaziba dirisha na gunia. Nilifikiri ni wivu wa mke mwenza. Ndipo ukaniambia juu ya yule wako wa kwanza, uliyemubeba tumboni ukatoka nje kutazama jua, akazaliwa bila kulia. "Mimi nilitazama," ulisema. "Wewe hutatazama." Wangu alizaliwa na makelele, mutaa wote ukasikia, na wewe ulifurahi kunipita mimi mama yake.

Nilimuomba Zuhura abaki. Akanijibu, "Mama mudogo, kule ni nyumbani kwa Mungu. Jua litanifanya nini?" Nikamwambia habari ya kaka yake, yule wako wa kwanza. Akasema, "Mama aliumia, Mungu amurehemu. Lakini watoto wangapi wanazaliwa kimya na jua linawaka?"

Nikaenda kwa imamu. Alisema jua ni kiumbe, haliui mutu. Siku hiyo tunasali kwa kumuogopa Mungu, siyo kuogopa jua. Naamini. Wallahi naamini. Lakini nikiinuka kwenye musala natafuta gunia la kuziba dirisha. Nikiogopa jua, naona imani yangu iko na tundu. Nikiacha kuogopa, naona yule mutoto analala kimya. Na mbele ya hayo yote iko ile njia ya Kabambare ya kutoka Salamabila, Zuhura juu ya pikipiki, mashimo na watu wenye silaha. Niogope kipi kwanza?

Siku zako za mwisho ulisema, "Zuhura ni wako sasa." Basi. Hukusema nimukataze, hukusema nimuache. Ungemaliza tu neno, Yaya!

Nimepanga hivi. Nitaenda naye. Giza likianza, mimi sitainua uso, hata Makka yote ikitazama. Nitasimama nyuma yake, mikono yangu juu ya tumbo lake, nitaomba Mungu mpaka mwanga urudi, na sitamuachilia. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Lakini kama hutaki, niambie kabla Idi hajakata tikiti. Uje kwangu usingizini. Kwa Zuhura usiende, utamushtua, na yeye ni wa kuchungwa. Uje kwangu. Ukinyamaza sitajua kama ni ruhusa ao ni hasira.

Mungu akulaze pema, Yaya. Unijibu mbio.

Mudogo wako, mke mwenzako