Sahani Aliyoivuta Baba

Mdogo wangu Kunihiko,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini wewe na Chinatsu mnaendelea vizuri, na kwamba baridi ya Osaka haijakurudishia kile kikohozi chako. Huku Kagoshima mlima wetu wa volkano umetapika majivu tangu juzi, nguo nilizoanika nimezifua upya. Nilitaka kuandika kuwa sisi hatujambo, lakini nimelifuta neno hilo mara mbili. Tafadhali isome barua hii yote kabla ya Jumamosi. Ningekupigia simu, ila ungenikatiza kama ulivyozoea, nami ningeishia kulia.

Kadi ya ufunguzi wa mkahawa wako ilifika. Mama aliisoma mpaka pale ulipoandika chakula cha kwanza, "Torisashi ya Baba", ile nyama yetu ya kuku mbichi, kisha akailaza kifudifudi mezani na kwenda jikoni. Kuni, nakuomba ukiondoe chakula hicho. Najua utacheka useme dada yako ameanza woga wa watu wa Tokyo. Mimi nimeota meno nikila kuku mbichi. Hakuna anayeipenda kunishinda: ile ngozi iliyobabuliwa motoni, nyama laini ndani, mchuzi wetu mtamu wa soya na kitunguu saumu, na pombe yetu ya shochu, ya moto, pembeni. Hata leo nikiiwaza mate yananijaa.

Lakini kumbuka Baba alivyokuwa akifanya kwenye duka lake la kuku. Kuku walichinjwa asubuhi ile ile, na nyama ilibabuliwa kabla kisu cha ndani hakijaigusa. Ubao wa kupasulia matumbo ulikaa nje kwenye karo, wa kukatia nyama ulikaa ndani, na aliyezichanganya alifukuzwa kwa ufagio, wewe ukiwa wa kwanza. Hata hivyo, mama mjamzito akija, Baba alimuuzia ya kuchoma tu, akisema hata yeye hajui kila kitu alichobeba kuku. Sisi tuliokulia pale tulikula tu, tukaamini kuwa kuku wa Kagoshima hadhuru mtu.

Sasa nikurudishe kwenye mwaka mpya, ulipomleta Chinatsu tumjue. Baba alikuwa amefunga duka. Ukaenda ukanunua kwa muuza vyakula kuku mzima, wa kupikwa si wa kuliwa mbichi, ukaingia jikoni peke yako kutengeneza torisashi ili umwonyeshe mzee kuwa umeiva. Baba akapita huko jikoni kuchukua shochu, akarudi akaketi. Ulipoleta sahani, akaivuta kwake. Alimwambia Chinatsu kuwa mila ya nyumba hii ni kwamba mchumba hagusi kuku mbichi hadi siku ya harusi. Mimi na Mama akatuambia fungu letu ni supu. Nilimwambia, "Baba, uroho huo utakuja kukuaibisha mbele za watu!" Nawe ulicheka mpaka machozi, ukasema mzee anautafuna mtihani wako. Uliambulia vipande viwili. Ulipoumwa tumbo kwenye treni, ukalaumu chaza uliowala stesheni.

Baba naye aliharisha, akasingizia shochu. Alipopona tukasahau. Kisha nyayo zake zikaanza kufa ganzi. Siku moja mezani vijiti vikamtoka mkononi, akaviokota, vikamtoka tena. Asubuhi yake hakuweza kusimama. Sasa yuko hospitali, mashine inampumulia. Daktari anasema vijidudu vya kuku mbichi ndivyo anavyovishuku: mwili ukipigana navyo, mara chache hugeuka ukashambulia mishipa yake wenyewe ya fahamu. Wengi hupona polepole, wengine hawarudi kama zamani. Nilimwomba daktari aniahidi kuwa Baba atapona, akakataa. Naogopa, Kuni. Kila nikiingia chumbani natazama kwanza kifua chake.

Kabla hawajamtia mpira kooni, Baba aliniapisha nisikwambie lolote mpaka mkahawa ufunguliwe. Ndipo akaniambia alichokuona ukifanya jikoni siku ile ya mwaka mpya. "Alikata nyama kwenye ubao ule ule aliopasulia matumbo." Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakuimwaga. Akasema, "Mbele ya mchumba wake? Mtoto angeificha wapi sura yake? Nikadhani tumbo langu limezoea."

Alijua, mdogo wangu. Alijua tangu kipande cha kwanza, akala hadi cha mwisho huku akikusifia mkono wako. Na mimi nikamwita mroho.

Kiapo nimekivunja, na akipona anigombeze. Siwezi kunyamaza huku Jumamosi wageni wako watakaa mezani na hakuna wa kuivuta sahani. Wachomee kuku, waive mpaka ndani. Mchuzi wa Baba nimekutumia chupa kubwa, na kwenye nyama ya kuchoma unanoga vilevile. Ukishafunga mlango usiku huo, panda treni uje. Haongei, lakini jina lako likitajwa anapepesa macho.

Mama anakusalimu, amekufumia soksi nzito. Nisalimie sana Chinatsu. Mwambie anisamehe kwa kutomwambia ukweli siku ile, maana hata mimi sikujua sababu: kwetu hakuna mila ya namna hiyo. Baba aliitunga pale pale, mkono wake ukiwa tayari kwenye sahani.

Ni mimi dada yako,
Tamae