Aliyefunga Bomba

Baba Mapacha,

Sisi wazima. Wanao wameng'oka meno ya mbele, na mama yako, ambaye bado ni mkwe wangu upende usipende, anakusalimu.

Barua yako nimeipata. Unataka jina lako liwemo kwenye ripoti ya utafiti wangu wa mahindi, eti tulianza wote. Una macho makavu wewe! Nilipokwenda kujifungua, ulifunga bomba la kitalu changu ili nionekane mzembe. Niliporudi miche imekauka, ukamwambia mkuu wetu wa kazi, "Nilimwonya, hasikii." Nililia, kisha nikaenda kuitupa. Katikati ya ile mikavu nikakuta mitatu mibichi kabisa. Hiyo mitatu ndiyo iliyozaa mbegu inayostahimili ukame, hii inayokutoa udenda leo.

Basi tulia, jina lako nimeliweka. Anayetaka kurudia jaribio lazima aijue kila hatua, kwa hiyo nimeeleza waziwazi nani alifunga maji, na kwa nini. Mkuu ameshasoma. Ameniomba anwani yako, nami nimempa.

Mzembe wako wa zamani,
Mama Mapacha