Spana Namba Kumi na Safari ya Mwisho ya Bikizee

Nyumba namba 14,
Safu ya Mafundi,
Kambi ya Ndege.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo, na goti lako halijambo? Mama amenituma nikuulize kama ile dawa ya kuchua umeimaliza au umeiacha kabatini kama ile ya mwaka juzi. Sisi huku ni wazima. Mama yu mzima, anashona kama kawaida, na mimi sina ugonjwa wowote. Baba anakula kidogo sana, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Unanijua Shangazi, si bure ulinipa jina la Bi Kimya. Kwenye simu mimi huishia "ndiyo Shangazi, haya Shangazi", na haya ya leo hayawezi kutoka mdomoni. Muuguzi mwenzako aliyekuja likizo anarudi huko kesho asubuhi. Ameniahidi kwamba barua hii utaipata mkononi Jumanne.

Asante kwa saa uliyonitumia kwa kumaliza shule. Inanipwaya kidogo, lakini naivaa hivyo hivyo. Matokeo bado hayajatoka.

Sasa nikueleze. Bikizee amestaafishwa. Ni ile ndege ya upelelezi ambayo Baba amekuwa fundi mkuu wake kwa miaka ishirini na sita. Kambi nzima inaiita Bikizee kwa sababu ina miaka arobaini na mmoja, inamzidi hata Mama. Wewe ulishawahi kuiona, ndefu na nyembamba, tumbo lote limejaa kamera. Ilikuwa inapanda juu mpaka haionekani, inapiga picha za mipaka, halafu inarudi huku inakohoa. Mama alizoea kuiita mke mwenzake. Baba akichelewa, Mama alikuwa anasema, "Leo ni zamu ya bibi mkubwa."

Mwezi wa tatu zikaja droni nne ndani ya masanduku ya mbao. Hazina rubani ndani. Wanaozirusha wamekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi nyuma ya jiko la kambi, wanatazama vioo vya kompyuta na kunywa chai. Droni moja inaweza kukaa angani siku nzima bila kuchoka. Basi ikaamuliwa Bikizee aagwe kwa sherehe na aruke mara moja ya mwisho, tarehe 2 mwezi huu, apelekwe kituo kingine akawekwe kwa maonyesho.

Baba amebakiza miezi mitatu astaafu, kwa hiyo hakupangiwa droni. Aliyepangiwa kwenda kozi ya droni ni msaidizi wake, yule dada fundi wanayemwita Pilipili kwa ajili ya ulimi wake. Ana watoto wawili na aliomba kozi hiyo mara tatu kabla hajakubaliwa. Siku jina lake lilipobandikwa ubaoni alimwambia Baba, "Mzee, baki na ajuza wako. Mimi naenda kuolewa na kijana." Baba alicheka mpaka akakohoa.

Asubuhi ya tarehe 2 mimi ndiye niliyempelekea Baba sare za sherehe bandani, zimenyooshwa, pamoja na leso nyeupe ambayo Mama aliikunja pembe nne. Baba alivaa sare mle mle, nyuma ya kabati, akanipa ovaroli yake ndani ya mfuko niirudishe nyumbani ikafuliwe. Nikaubeba mfuko. Nakuomba ukumbuke mfuko huo, Shangazi, maana mimi sikuukumbuka.

Kabla ndege haijaruka, mafundi wana utaratibu wao. Zana zote zinaning'inizwa kwenye ubao, na nyuma ya kila zana kumechorwa umbo lake kwa rangi nyekundu. Mmoja anasoma orodha kwa sauti, mwenzake anaigusa kila zana na kujibu "ipo". Moja ikikosekana, ndege haitoki. Ikiwa imekwisha kutoka, inarudishwa, hata kama imembeba nani. Spana ndogo tu ikibiringika kwenye nyaya za usukani inaweza kuiangusha ndege. Nilipokuwa mdogo Baba aliniambia kwamba zana usiyoiona ihesabu imo ndani ya ndege.

Asubuhi hiyo Dada Pilipili alisoma, Baba akajibu. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni. Baba alikuwa anafunga vifungo vya sare, ameupa ubao mgongo. "Spana namba tisa?" "Ipo." "Namba kumi?" "Ipo." Alijibu yote bila kugeuka, kama mtu anayetaja majina ya ndugu zake. Dada Pilipili akasaini daftari.

Mgeni rasmi alizungumza kwa muda mrefu. Mimi na Mama tulikaa kwenye hema la familia, safu ya mbele. Neno moja limenikaa kichwani mpaka leo. Alinyoosha kidole kwenye zile droni na kusema, "Mashine hizi hazichoki, hazizeeki, wala hazisahau." Watu wakapiga makofi. Hata Baba alipiga.

Bikizee akaruka. Akapita juu yetu mara moja, Mama akapunga mkono na kusema, "Nenda salama mke mwenzangu, nilikuvumilia." Tulikuwa bado tunacheka nilipomwona Baba ametoka bandani anakimbia. Sijawahi kumwona Baba akikimbia. Alikuwa amekwenda kuhesabu zana mara ya pili, kama kanuni inavyotaka kabla ya kulifunga kabati. Alisimama mbele ya mkuu wa kambi, mbele ya wageni wote, akapiga saluti, akasema kwa sauti, "Afande, spana namba kumi haipo. Irudisheni ndege."

Bendi ilinyamaza, kila chombo kwa wakati wake.

Shangazi, ndege ile ilikuwa imejaa mafuta ya safari ndefu, na ilikuwa nzito. Ilipogusa ardhi tairi la kushoto likapasuka. Sauti yake niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Ikaanza kuja upande wetu, imelala ubavu, bawa linachimba majani. Watu walikimbia na viti. Mimi sikukimbia. Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu hadi kesho yake alama za vidole zilikuwa bado zipo. Ilisimama hatua kama hamsini kutoka hemani. Rubani alitoka mwenyewe, mkono umeteguka. Alikaa chini kwenye majani akaomba maji.

Walimfungua Bikizee siku tatu. Walitoa kamera, viti na sakafu, na spana haikuonekana. Baraza la uchunguzi likaundwa, na kwa kuwa saini kwenye daftari ilikuwa ya Dada Pilipili, jina lake likafutwa kwenye orodha ya kozi. Maneno yakaanza. Walisema haraka ya kwenda kwa droni ndiyo iliyomfumba macho. Hata mpishi wa kambi alimwambia huku anampakulia, "Hesabu vijiko, dada, usije ukatuangushia meza."

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi ile nilitaka kumfurahisha Baba kwa kumfulia. Nikaona ile ovaroli iko juu ya kabati la chumbani, imekunjwa, bado haijafuliwa. Nikaishusha. Kwenye mfuko wa ndani nikagusa kitu kigumu. Ilikuwa spana namba kumi.

Nilikaa kitandani. Kwanza nilifikiri, mimi ndiye niliyeitoa kambini, niliibeba mwenyewe bila kupekua mifuko. Ndipo nikaona kwamba spana ilikuwa imefungwa ndani ya leso nyeupe. Leso ile Baba alikuwa nayo mfukoni mwa sare siku ya sherehe, nilimwona akijifutia jasho hotuba ilipokuwa inaendelea. Ovaroli wakati huo ilikuwa nyumbani. Kwa hiyo Baba alirudi jioni, akaipata spana, akaifunga kwenye leso, akairudisha pale pale. Alijua tangu siku ya kwanza. Siku zote tatu walipokuwa wanamfungua Bikizee, yeye alisimama pale na tochi, anatafuta pamoja nao.

Baba aliingia akanikuta nayo mkononi. Hakushtuka. Alifunga mlango.

"Irudishe ilipokuwa."

"Baba, lakini Dada Pilipili..."

"Nimesema irudishe."

Sikuirudisha. Si ushujaa, Shangazi, mikono tu ilikataa. Akakaa kwenye kiti cha Mama cha kushonea akaanza kuzungumza na sakafu. "Unataka waseme nini? Waseme mzee amechoka kama ndege yake? Mgeni amesimama pale, amesema mashine hazisahau. Na mimi hapo tayari nilikuwa nimesahau. Hapo hapo, mwanangu. Miaka ishirini na sita, halafu siku ile." Halafu akasema Pilipili ni kijana, atapata kozi nyingine. Alisema hivyo bila kunitazama.

Nilidhani ninamjua Baba. Huyu ndiye aliyenirudisha dukani kwa miguu nikiwa na miaka saba kwa sababu ya peremende moja niliyoichukua bila kulipa.

Mama nilimwambia Jumapili, tulipokuwa tunachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha. Kisha akasema, "Mimi nikienda nitakuwa nimemshtaki mume wangu. Wewe nenda ukaseme ulichobeba wewe. Alichosahau yeye mwachie mwenyewe."

Jumatatu nikaenda. Baraza lilikaa kwenye chumba cha mikutano, maofisa watatu, jagi la maji, na feni inayolia kama ina kiu. Dada Pilipili alikuwa amesimama katikati. Baba alikuwa benchi la nyuma na mafundi wengine. Mlinzi alinipitisha akidhani nimemletea Baba chakula. Nikatembea mpaka mezani, nikaweka spana.

"Binti, hii umeitoa wapi?" mwenyekiti akauliza.

Nilisema nilichosema, lakini hata mimi sikuisikia sauti yangu.

"Sema tena."

"Niliibeba mimi. Ilikuwa kwenye nguo za kufua."

Ndipo nikasikia benchi limesukumwa. Baba alikuja akasimama kando yangu, bega kwa bega. Akasema, "Afande, mtoto alibeba mfuko nilioufunga mimi. Hesabu niliijibu bila kutazama. Na tangu jioni ile nilijua iko wapi."

Dada Pilipili alimgeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Siku tatu, Mzee. Siku tatu nimelala chali chini ya tumbo la Bikizee namwomba anitapikie spana, kumbe spana yenyewe umeilaza kwako, umeifunika na shuka." Hakuna aliyecheka. Akamuuliza, "Ningeisahau mimi, na nikaficha, ungenisamehe?"

Baba alifikiri. "Hapana," akasema. "Nisingekusamehe."

Dada Pilipili akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake, akatoka nje.

Amerudishwa kwenye kozi, anaondoka mwisho wa mwezi. Baba amenyang'anywa funguo za banda, na hataruhusiwa kugusa ndege yoyote mpaka astaafu. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Amelala wiki nzima, ameutazama ukuta.

Bikizee hawezi tena kuruka. Jumatano watamtoa mabawa apakiwe kwenye lori. Ijumaa Dada Pilipili alikuja hapa nyumbani, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akaongea kwa sauti ili Baba asikie chumbani. "Mzee, usidhani nimekuja kwa mapenzi, hasira zangu bado ni mbichi. Nimekuja kwa ajili ya bawa la kushoto. Bolti zake ni kaidi na ukaidi wake unaujua wewe tu. Mkuu amekubali uje usimame utuelekeze, mikono mfukoni." Alisubiri. Baba hakutoka chumbani. Akamuaga Mama akaenda zake.

Hilo ndilo ninalokuomba, Shangazi. Wewe ndiye dada yake mkubwa, na hajawahi kukukatalia kitu. Mpigie Jumanne jioni, umwambie aende. Usimwambie kwamba nimekuandikia, au mwambie, utakavyoona.

Nilikuwa nadhani kwamba analilia jina lake lililochafuka. Jana mchana nilimpelekea uji, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akanigeukia. Akaniuliza, "Siku ile mlikaa wapi, wewe na mama yako?" Nikamwambia hema la familia, safu ya mbele. Akauliza, upande gani. Nikamwambia, kushoto, mwisho kabisa, karibu na njia. Alinirudishia bakuli la uji, bado limejaa.

"Kumbe mgongo sikuupa ubao tu," akasema. "Niliwapa na ninyi."

Msalimie Mjomba, na mapacha, na bibi jirani yenu anayenisalimia kila mara bila kunijua. Mama anakusalimu sana, na anasema hajasahau ahadi yako ya kuja. Mungu awalinde nyote na kila mnachokikabidhi mikononi mwa wengine.

Mwanao anayekupenda na kukusubiri,
Bi Kimya